Wiki Tuliyosimamisha Hadithi

Mume wangu aliondoka Butembo Jumatatu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mikaratusi. Mimi nilishika usukani wa baiskeli, yeye akakaza kamba za mpira juu ya magunia ya viazi na kabichi. Safari yake ilikuwa ile ile ya siku zote: kushuka mpaka Beni, kuwauzia watu wa joto mboga za baridi, kisha kuendelea mpaka Mangina kutafuta mafuta ya mawese, na kurudi akisukuma bidoni, yaani madumu ya mafuta, milimani. Kabla ya vita alikuwa karani katika kiwanda cha kahawa. Kiwanda kilipofunga milango alikuja nyumbani na sanduku la stakabadhi za zamani, kwa sababu nyuma zilikuwa nyeupe na yeye hakuweza kuona karatasi nyeupe ikitupwa.

Watu wengi walisafiri hivyo miaka ile. Barabara ilikuwa na bariera za askari wa namna nyingi, na kila bariera ilikula kidogo: kabichi moja hapa, viazi kidogo pale. Mume wangu aliihesabu hiyo kama sehemu ya mzigo. Aliniambia angerudi Jumatano, au Alhamisi kama mvua ingeharibu njia.

Wiki hiyo mimi sikuwa na kazi. Nilifundisha darasa la nne katika shule ya msingi, na mkuu wa shule alikuwa amewaambia wazazi wawaweke watoto nyumbani kwanza, kwa kuwa kikundi kipya cha askari kilikuwa kimeingia mjini na hakuna aliyejua kingelala wapi. Alikuwa na sababu ya kuogopa. Katika vita vya kwanza askari walilala katika madarasa yetu, na baridi ya Butembo ilipowazidi waliwasha moto kwa vitabu vya shule. Walipoondoka niliingia kufagia pamoja na walimu wengine. Nikakuta chini ya benchi nusu ya kitabu kimoja cha Kifaransa, bila jalada, kingo zikiwa zimeungua. Nilikichukua. Kwa muda mrefu kilikaa juu ya kabati, na hakuna aliyekisoma ila mume wangu, ambaye alisoma kila kitu, hata kipande cha gazeti kilichofungia maandazi.

Nyumbani tulikuwa watu watano alipoondoka: mimi, binti yetu mkubwa, wadogo zake wawili wa kiume, na mama mkwe wangu. Mama mkwe alikuwa amekimbia shamba lake upande wa Kayna mwaka uliotangulia, akaja kwetu na jembe, rozari na sufuria moja. Hakupenda kukaa bure. Alikuwa na kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ambacho mimi nilikiona kama uchafu wa mawe, lakini yeye alikipanda maharage mpaka ukutani.

Mimi ndiye niliyekuwa mgumu wa mkono katika nyumba ile, na watoto walilalamika. Chumvi ilikaa katika kopo nililoliweka juu, na niliitia mwenyewe. Sabuni niliikata vipande na kuianika mpaka ikauke kabisa, maana sabuni mbichi inaisha haraka. Maharage nilipika mara moja kwa siku mbili. Penseli za watoto niliziangalia kila jioni kama wengine wanavyoangalia kuku. Petroli, yaani mafuta ya taa, ilikuwa kwa ajili ya ugonjwa tu, ama mgeni. Jua likizama, tulikula bugali tukimulikwa na moto tu, tukasali, tukalala. Kwa hiyo aliyetaka kusoma alisoma mchana, mlangoni, ambapo mwanga uliingia vizuri.

Jumanne mvua ilinyesha tangu mchana. Watoto walikuwa wamekwisha kugombana juu ya kila kitu kilichowezekana kugombaniwa, na mama mkwe alikuwa amekaa karibu na jiko akichambua maharage na kunyamaza kwa namna iliyonionyesha kwamba amechoka na kelele. Nikashusha kile kitabu kutoka juu ya kabati. Nikaketi mlangoni, nikawa nasoma fungu moja kimya kwa Kifaransa, halafu nawasimulia kwa Kiswahili, na kwa Kinande mahali ambapo mama mkwe alikunja uso.

Ilikuwa habari ya mtu mmoja wa milimani huko Ulaya, aliyeishi na mama yake mjane. Mwaka ule nyasi zilikuwa mbaya na deni la nyumba lilikuwa kubwa, kwa hiyo akachukua kondoo wao wote akaanza kuwavusha mlima ili awauze upande wa pili. Nilifikiri watoto ndio wangependa hadithi hiyo. Walipenda, kweli, lakini aliyeacha kuchambua maharage alikuwa mama mkwe. Alitaka kujua kondoo wale walikuwa wa rangi gani. Alitaka kujua kama mama yule alikuwa na watoto wengine. Nilipomwambia kitabu hakisemi, alisema basi aliyekiandika hakuuliza vizuri.

Theluji ilitupa kazi. Binti yangu alikuwa ameiona mbali, juu ya Ruwenzori, asubuhi moja yenye mwanga mzuri tulipokuwa Beni kwa harusi ya dada yangu. Wadogo zake hawakuwahi kuiona. Nikasema ni mvua inayoanguka ikiwa imegeuka unga, inajaa njia, na mtu akikanyaga anazama. Yule mdogo aliuliza kama inaliwa. Koko wake, yaani bibi yake, akamwambia anyamaze, mtu yuko njiani.

Jumatano tuliendelea, na mvua iliendelea pia. Mchungaji yule alifika kwenye kilele, kondoo wawili wakiwa wamekwisha kuanguka korongoni. Upepo ulianza. Akaona theluji inatoka upande aliokuwa anaelekea, akasimama ili aamue kama ataendelea au atarudi, na hapo kitabu kikakatika. Sentensi ya mwisho haikuwa na mwisho. Niliwaonyesha watoto ukingo ulioungua.

Binti yangu alisikitika kama mtu aliyenyang'anywa chakula. Wavulana walianza palepale kutunga, mmoja akileta simba, mwingine akileta helikopta. Nikawaambia wasihangaike, kesho nitaendelea mimi mwenyewe kwa kichwa changu. Nilisema hivyo bila kufikiri, kama vile mtu anavyoahidi kupika kitu fulani.

Mume wangu hakurudi Jumatano, na hilo halikutushangaza kwa sababu ya mvua. Alhamisi asubuhi mvua ilikatika, na mimi nilikuwa natega sikio nikisubiri kengele ya baiskeli yake. Aliyekuja ni mwenzake, mwanaume wa mtaa wa pili ambaye naye alisafirisha mafuta. Alikuwa na baiskeli yake lakini haikuwa na bidoni hata moja. Hakutaka kukaa. Alikunywa maji akiwa amesimama, akatueleza.

Walikuwa pamoja Mangina, alisema, wamekwisha kujaza mafuta, askari walipofunga soko. Walitafuta wanaume wa kubeba mizigo yao kuelekea Mabalako. Yeye alikuwa nyuma ya nyumba, anajisaidia, na hilo ndilo lililomwokoa. Alimwona mume wangu akitolewa kwenye mstari wa wenye baiskeli. Alimwona wakimwekea sanduku kichwani. Baiskeli ilichukuliwa. Zaidi ya hapo hakujua.

"Alikuwa muzima wakati nilimuona," akasema. "Ile tu ndiyo naweza kuapa."

Mama mkwe alimshukuru, akamfungia viazi vya njiani ingawa nyumba yake haikuwa mbali. Kisha akarudi jikoni, akaendelea na kazi. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama kati ya maharage. Sikulia. Nilikuwa nafikiri juu ya viatu vyake. Alikuwa amevaa kandambili za tairi, zile za kukanyagia gurudumu kama breki, ambazo ni nzuri kwa baiskeli lakini zinachuna mguu mtu akitembea sana.

Mchana watoto walikuja mlangoni kama siku mbili zilizopita, wakakaa. Hatukuwa tumewaambia yote. Tuliwaambia baba amecheleweshwa na askari, na hilo lilikuwa jambo la kawaida masikioni mwao. Binti yangu akanikumbusha ahadi yangu. Nilikuwa tayari kuanza, nadhani hata nilikuwa naitaka kazi hiyo ili kinywa changu kifanye kitu. Lakini mama mkwe aliinua mkono.

"Ule mutu, umuache kwanza pale iko," akasema. "Hapana kumuendesha mbele, hapana kumurudisha. Mwana yangu akifika, ndiyo tutasikia."

Mtoto wa katikati alisema ni kitabu tu. Koko wake akamwangalia, si kwa hasira, akamwambia yeye anajua kwamba ni kitabu. Halafu akamtuma maji. Watoto walielewa siku hiyo zaidi ya tulivyotaka waelewe. Hawakuomba hadithi tena.

Ijumaa niliwatuma kisimani wote watatu na nguo chafu, nikabaki na kazi za nyumba, nikazimaliza, na kulikuwa bado asubuhi. Nyumba iliyobanwa matumizi ina kazi nyingi, lakini wiki ile hata kazi ziliisha mapema. Nikatoa stakabadhi chache katika sanduku la mume wangu. Nilikuwa sijawahi kuandika kitu ambacho hakuna aliyeniagiza. Nilikuwa nimeandika maandalio ya masomo, ripoti za mwisho wa mwaka, barua za watu wa mtaani kwa ndugu zao wa Kampala na Kisangani, na mara moja shairi la ubatizo kwa ajili ya padri. Nikaandika kwamba mchungaji yule alisimama kileleni. Nikakumbuka amri ya mama mkwe, nikaona nina ruhusa moja tu: kumwandika akiwa amesimama.

Kwa hiyo nilimwandika amesimama. Nilijaza stakabadhi kadhaa na mawazo yake. Alimwaza mama yake, jiko, harufu ya nyumba, kanisa la kijijini, deni. Alijilaumu, akajitia moyo. Maneno yalikuja kwa wingi, na mengine yalikuwa mazuri, nikayasoma tena kwa sauti ndogo. Nilikuwa naandika kwa herufi ndogo sana, kwa sababu ya ile tabia yangu ya kubana. Watoto waliporudi nikaficha karatasi chini ya unga, nikaona aibu kama mtu aliyekamatwa akila peke yake.

Jumamosi tulikwenda sokoni, mimi na mama mkwe, si kwa kununua sana bali kwa kusikia. Kila mtu alikuwa na neno. Mwanamke mmoja aliyeuza sombe, majani ya muhogo, alisema wabebaji wote wameachiliwa. Mwingine alisema amesikia milio ya bunduki upande wa Mabalako. Mwingine alisema hakuna vita kabisa, ni askari wanataka mafuta tu. Mama mkwe alisikiliza wote kwa heshima. Tulipokuwa tunapanda kurudi, aliniomba nipunguze mwendo. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema: kwamba alipokimbia Kayna, aliwaacha kuku wake wakiwa wamefungiwa, na mpaka leo anapoamka kitu cha kwanza anachofikiri ni kwamba angefungua ule mlango. Nilimshika mkono, tukapanda.

Jumapili tulikwenda misa ya kwanza. Padri alitaja watu walio njiani na hakutaja jina la mtu, na kanisa zima likaitikia kwa nguvu, ndipo nikajua ni nyumba ngapi zilikuwa kama yetu.

Tulipofika nyumbani alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Kwanza sikumtambua, kwa kuwa alivaa shati lisilo lake, pana, la mtu mnene. Watoto walimtambua. Alikuwa amefunga miguu kwa vitambaa, na aliponiona ninaiangalia, akaivuta nyuma.

"Kinga imepotea," akaniambia. Baiskeli. Neno lake la kwanza. "Na mafuta yote."

Nilimwambia aingie ndani. Mama mkwe alimpita, akamgusa kichwani kama anavyogusa mtoto mwenye homa, akaenda moja kwa moja kuwasha moto. Tukachemsha maji mengi ya kuosha miguu yake. Nilishusha kopo la chumvi nikatia chumvi ndani ya maji hayo bila kupima, na hapo watoto wangu wakaniangalia wote watatu kwa wakati mmoja.

Alilala mchana wote. Alipoamka alikula, akacheka na wavulana, lakini kila nilipomuuliza alijibu kwa neno moja. Walimpeleka wapi? Mbele. Walimpiga? Kidogo. Alitokaje? Alitoka. Shati je? Wakulima wa kakao karibu na Mangina, waprotestanti, walimficha katika ghala lao na kumpa shati, Mungu awabariki. Nikaacha. Nilikuwa nimewaona wanaume wengine wakirudi hivyo, na mlango wao haufunguki kwa kugongwa.

Jioni, mwanga ukiwa bado upo, mama mkwe alivuta kiti chake mpaka mlangoni akakaa. Akaniambia sasa naweza kuendelea na ule mutu wa kondoo. Watoto wakakimbilia nafasi zao. Mume wangu, ambaye alikuwa amelala kwenye mkeka miguu ikiwa juu ya mto, aliuliza ni mtu gani, na binti yake akamweleza yote kwa haraka. Alikijua kitabu. Alisema lakini kile hakina mwisho.

Nikatoa karatasi zangu kwenye unga, nikazikung'uta. Nikasoma. Nilisoma namna mchungaji alivyosimama kwenye upepo akamwaza mama yake na jiko na kanisa, namna moyo wake ulivyojaa nyumbani. Mama mkwe alitikisa kichwa kwa kukubali. Nilikuwa nimefika mahali nilipopapenda zaidi mume wangu aliposema kutoka kwenye mkeka:

"Hapana. Hawazi ile."

Akaendelea, macho yakiwa juu kwenye mabati.

"Mutu ya namna ile hawazi nyumba. Anawaza mguu. Huu nauweka wapi, ule nauweka wapi. Anaangalia kisigino cha mutu iko mbele yake, basi. Ukiwaza nyumba, unaanguka."

Nilichukua penseli. Nikamuuliza, kama mwalimu anavyouliza, je, na kondoo? Akasema mwenye mzigo hajui kama ni kondoo au ni nini, anajua ni kizito upande gani. Nikauliza kama anasikia njaa. Akasema siku ya kwanza ndiyo, kisha njaa inaondoka na kiu inabaki, na kwamba mtu anaweza kulamba majani yenye umande akitembea, ikiwa askari wa nyuma hachukii. Hakuna askari katika kitabu, alisema yule mdogo. Baba yake akasema basi, upepo. Ikiwa upepo hauchukii.

Tulikwenda hivyo mpaka mwanga ukaisha. Mimi niliuliza habari za mchungaji, yeye akajibu habari za mchungaji. Mchungaji alikuwa na mzee mmoja mbele yake, aliyekuwa akipumua vibaya. Mzee yule alianguka kwenye mto, na mchungaji alimpita, kwa sababu hakuruhusiwa kusimama. Mchungaji alingoja mvua kubwa, ile inayofunga macho ya kila mtu, akaingia katika mikakao na kulala kifudifudi mpaka hakusikia tena viatu. Mimi niliandika haraka, herufi kubwa, upande mmoja mmoja, nikiharibu karatasi. Mama mkwe alikuwa ameshika rozari lakini vidole vyake havikusogea. Aliuliza swali moja tu, kama mzee yule alikuwa na watu wake.

"Sijui, mama," mume wangu akajibu. "Sikumuuliza jina."

Binti yangu alisimama, akachukua kiberiti, akawasha taa ya petroli bila kuniuliza. Nilimwacha. Tulikaa katika mwanga ule kidogo, halafu mama mkwe akaanzisha sala, akamtia ndani yake mzee wa mtoni, tukaitikia.

Jumatatu shule ilifunguliwa. Askari walikuwa wamelala kwingine. Wazazi wachache walileta maharage na makaa kama mchango wao kwa walimu, na mimi niliwaandikia watoto mazoezi ubaoni kwa kipande cha chaki nilichokishika kwa kucha. Mume wangu alikaa nyumbani mwezi mzima, akipika na kutibu miguu. Alipika vizuri kunishinda, ingawa alitumia mafuta kama mtu mwenye kiwanda. Hakupata baiskeli nyingine. Baadaye alipata kazi ya kupima viazi kwa mfanyabiashara mmoja wa Butembo, ambako alifika kwa miguu yake polepole, na huko alikaa mpaka amani ya kwanza kwanza ilipoanza kusikika.

Hadithi hatukuimaliza. Tuliisogeza Jumapili mbili tatu, mchungaji akapata nyumba ya kulala na watu wa kumpa nguo, halafu mvua za kupanda zikaja. Mama mkwe alikuwa ameomba kipande kingine cha ardhi parokiani, chenye mawe kuliko kile cha kwanza, na alitaka mikono yote ya nyumba. Tulikuwa tunatoka kila siku baada ya shule, watoto wakiokota mawe, mimi nikilima, mume wangu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitia mbegu katika mashimo mahali alipoweza kufika bila kusimama. Mama mkwe alikuwa mbele yetu, amefunga kitenge kiunoni, akitukemea kwamba tunatia mbegu nyingi mno katika shimo moja.